Kabla Ukope Kununua Lenzi ya Wanyama, Ibebe Siku Moja Kwanza

Umecheki zile picha za simba unahesabu hadi nzi kwa pua? Msee aliyepiga hakuwa amesimama hapo karibu akimbembeleza. Alikuwa ndani ya gari, ameshika lenzi ndefu nzito ya zumu. Sasa kama na wewe unataka kuingilia hustle ya picha za wanyama na ushaanza kucheki limiti ya mkopo kwa simu, ngoja kidogo. Kodisha hiyo lenzi siku moja, ingia nayo Nairobi National Park, ujue kama mtawezana.

Mimi nilijaribu Sigma 150-600mm, ile ya Sport. Gramu 2,860. Yaani pakiti ya unga ya kilo 2, halafu karibu kilo nyingine juu yake. Ukiweka kamera unapita kilo 3 na nusu. Dakika mbili za kwanza uko fiti, unajiona umeomoka. Ya tano, mkono wa kushoto unaanza kutetemeka, na hapo ndipo twiga anaamua kuinua kichwa.

Hiyo 600 inakupa nini? Kwa kamera ya fremu nzima, mnyama akiwa mita 50, picha inabeba upana wa mita 3 hivi. Simba akikaa kando anajaa vizuri. Akiwa mita 200, upana unakuwa mita 12, na unachouza hapo ni nyasi. Kamera za APS-C, zile wengi wetu huanza nazo, hubana zaidi: kwa mita 50 unapata upana wa kama mita 2.

Noma iko kwa mwanga. Ukifika 600, hii lenzi inafunguka f/6.3 pekee. Zile kubwa za 600mm f/4 huingiza mwanga kama mara 2 na nusu zaidi, lakini mpya bei yake inapita milioni moja, kwa hivyo tuendelee na maisha. Geti hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, simba wakiwa bado wanatembea, na ndio saa lenzi yako inalia njaa. Pandisha ISO hadi 3200, hata 6400, ukubali chengachenga kidogo. Usishushe shata ndio picha ing'ae. Mnyama ametulia, anza na 1/800. Ndege akiruka, 1/2000. Kuna swichi ya kutuliza mtikisiko na inasaidia, ila inatuliza mikono yako tu. Swala akikimbia, haimsimamishi.

Mbugani huruhusiwi kushuka gari isipokuwa sehemu chache zilizotengwa, so tripodi acha kwa nyumba. Tafuta jinzi mzee, fundi akate mguu mmoja ashone kamfuko, jaza maharagwe kilo 2 au 3. Weka kwa dirisha, lalisha lenzi juu yake. Hapo ule uzito uliokuwa unakutesa unageuka beshte, kwa sababu kitu kizito kikilala hakitingishiki ovyo. Kisha omba dere azime injini. Asipunguze, azime. Jioni maharagwe unachemsha.

Na usikwame kwa 600 siku nzima. Utamu wa hii mbuga ni majengo ya tao nyuma ya wanyama. Twiga akiwa mbali kiasi, rudi 200 hivi, na majumba yatasonga mgongoni mwake kama majirani. Hiyo picha simu ya kawaida haikupi.

Kuanzia saa nne jua likichoma, utaona picha za mbali zinakuwa kama zimepigwa ndani ya maji. Lenzi haijaharibika. Ni hewa moto inayopanda kutoka ardhini, na hakuna zumu ya kuitibu. Piga walio karibu, ama pumzika hadi saa kumi.

Mvua ikikupata, Sport imezibwa dhidi ya vumbi na matone, lakini beba leso. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2017, na chupa za maji za kutumia mara moja haziruhusiwi mbugani tangu 2020.

Kama plan yako ni kutembea kwa miguu, ukisaka ndege Karura au Ngong Hills, maoni yangu ni uachane na Sport. Sigma hao hao wana Contemporary, 150-600 pia, gramu 1,930. Haijazibwa vizuri hivyo, lakini shingo itakushukuru. Sport ni ya msee wa gari.

Siku ya kukodisha, usitie sahihi haraka. Zungusha zumu mwanzo hadi mwisho usikie kama inakwaruza. Mulika vioo na tochi ya simu, mbele na nyuma, ucheki ukungu na mikwaruzo. Piga picha tatu hapo dukani kwa 600, uzikuze kwa skrini. Halafu rekodi video ya lenzi yote mwenye duka akiwa hapo, maanake deposit ya hizi vitu si chapaa ya kuchezea.