Unavaa miwani na unapanda bodaboda? Chagua kofia hivi

Dereva wa bodaboda akiandikiwa miwani ya kuonea mbali, wengi huanza hesabu mbaya: avae kofia ngumu aache miwani, au avae miwani na kofia aitundike kwenye usukani. Asiyeona vizuri atachelewa kuliona lori lililoegeshwa bila taa. Miwani nayo haikingi ubongo. Tafiti zilizokusanywa kutoka nchi mbalimbali zinaonyesha kuwa kwa wanaopata ajali, kofia ngumu hupunguza vifo kwa takribani asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69.

Nenda dukani na miwani yako mwenyewe. Vaa kofia kwanza, funga mkanda wa kidevuni, kisha ingiza miwani. Ikibana kwenye panja, kofia hiyo si yako, hata muuzaji akikuapia kwamba italegea. Kaa nayo dakika kumi. Kichwa kikianza kuuma, irudishe. Tikisa kichwa: isizunguke. Na tafadhali, usikate sponji la ndani ili kuipitishia miwani njia, maana sponji hilo ni sehemu ya kinga. Ni rahisi zaidi kubadilisha fremu. Yenye mikono myembamba iliyonyooka hupita vizuri.

Mimi napendelea kofia inayofunika uso mzima, kwa sababu taya na macho navyo huumia. Zipo ambazo sehemu ya kidevuni hunyanyuka, nazo huwafaa sana wenye miwani, ila ukianza safari ishushe.

Miwani ya kuonea peke yake haizuii vumbi, kwani upepo huingia pembeni. Shusha kioo cha kofia. Kisiwe cha giza usiku. Ukungu ukikusumbua, fungua matundu ya hewa au acha kioo wazi kidogo. Lenzi zako ziwe za plastiki. Za kioo zikivunjika, vipande huweza kuingia jichoni. Dereva anayepigwa jua, upepo na vumbi miaka mingi bila kinga yumo pia hatarini kuota kinyama kwenye kona ya jicho, upande wa pua.

Mzazi, mtoto anayevaa miwani anahitaji kofia ya kipimo chake. Ile ya abiria ya mtu mzima humfunika macho, huisukuma miwani, na mkianguka huchomoka.

Kitu kikiingia jichoni, usifikiche. Simama, osha kwa maji safi mengi. Kilichochoma jicho usikichomoe. Funika kwa kikombe kisafi bila kugandamiza, uende hospitali. Maumivu yasiyoisha, kuogopa mwanga au kuona ukungu hata baada ya kuosha ni sababu ya kumwona daktari siku hiyohiyo. Usiweke matone aliyobakiza jirani: yakiwa na steroidi na jicho lina kidonda, kidonda huweza kuchimbika zaidi huku wewe ukidhani unapona, kwa kuwa wekundu umepungua.