Bombo mara ngapi kwa siku?

Wazazi, mnahesabu sukari anayokula mtoto. Hesabuni pia mara anazoila. Vidudu vya mdomoni vikipata sukari vinatoa asidi inayokula jino. Mate hulitengeneza, lakini yanahitaji muda. Mtoto anayefyonza bombo kutwa hayapi nafasi, wala baba anayekunywa chai tamu kidogo kidogo zamu nzima. Kitu kitamu kiliwe pamoja na bukari, si katikati ya milo.

Akililia chakula, mpe pera: lina vitamini C kupita chungwa, nayo inalinda ufizi. Sombe ni nzuri, ila lazima iive sana, na vitamini hiyo inapotea chunguni.

Ufizi ukitoka damu, usiache mswaki, sugua polepole. Damu isipokoma baada ya juma moja, nenda kwa munganga wa meno.