Sungura Huumwa Kimya: Mambo ya Kujua kwa Mfugaji wa Karatu

Je, wajua kuwa sungura anayefugwa nyuma ya nyumba Karatu si ndugu wa karibu wa yule anayekatiza barabara usiku kuelekea Lodoare, lango la kuingilia Ngorongoro? Wa bandani asili yake ni Hispania na Ureno, na ana kromosomu 44. Wa porini, anayejilaza juu ya nyasi ndani ya kreta ya Ngorongoro bila kuchimba shimo, ana kromosomu 48, na hawa wawili hawawezi kuzaliana. Mtoto wa sungura wa porini huzaliwa na manyoya yake, macho yakiwa wazi. Mtoto wa sungura wa kufugwa huzaliwa uchi, haoni, na macho yake hufunguka akiwa na siku 10 hivi.

Tofauti hiyo inaeleza sehemu kubwa ya matatizo yake ya kiafya. Sungura wa kufugwa ametokana na mnyama wa mashimoni, aliyezoea mahali pakavu pasipo joto kali wala baridi kali, na chakula chake kilikuwa nyasi ngumu kutwa nzima. Sisi tumemleta kwenye nyanda za juu za Karatu, mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari, ambako usiku wa Julai ni wa baridi na masika huloweka kila kitu. Tukampa pumba na mabaki ya jikoni. Vifo vingi vinavyowakatisha tamaa wafugaji wapya huanzia hapo, kwenye banda na kwenye chakula.

Mgonjwa asiyelalamika

Sungura ni windo la karibu kila mla nyama: mondo, bweha, tai, hata mbwa wa jirani. Windo linaloonyesha udhaifu ndilo linalokamatwa kwanza, kwa hiyo maumbile yamemfundisha kuficha maumivu. Halii kama mbuzi wala hahangaiki kama kuku. Hujikunyata pembeni, hufumba macho nusu, husaga meno polepole, na huacha kula. Ukiona dalili hizo, ujue huenda ugonjwa una siku kadhaa ndani ya mwili.

Hivyo mfugaji hana budi kuzijua dalili za uzima. Joto la mwili la sungura mzima ni kati ya nyuzi 38.5 na 40 za Selsiasi. Kinyesi chake ni vigololi vikavu, vya mviringo, vingi na vya ukubwa unaolingana. Vikipungua, vikiwa vidogo kama punje za mtama au vikikoma kabisa, tumbo limesimama. Mkojo usikutishe upesi: ule mweupe mzito ni madini ya kalsiamu yanayotolewa mwilini, na ule wa rangi ya chungwa au mwekundu mara nyingi umetiwa rangi na majani aliyokula. Damu halisi huonekana kama mabonge au matone, na sungura mwenyewe huwa amenyong'onyea.

Tumbo lisilojua kutapika

Sungura hawezi kutapika. Kilichoingia lazima kipite hadi mwisho, na kinachokisukuma ni nyuzinyuzi za nyasi. Mwanzoni mwa utumbo mpana kuna mfuko mkubwa uliojaa bakteria wanaochachusha majani. Humo hutengenezwa kinyesi cha aina ya pili, laini, chenye utando, kilichojaa protini na vitamini za kundi B. Sungura hukila moja kwa moja kutoka mwilini, hasa usiku na alfajiri. Hiyo ni sehemu ya mmeng'enyo wake, na mfugaji hapaswi kumzuia.

Pumba, mahindi na mikate vikizidi, bakteria wazuri hushindwa na wabaya hushamiri. Tumbo hujaa gesi, kinyesi hukoma au huwa maji, na sungura anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mlo wake iwe nyasi kavu, na pumba iwe nyongeza ndogo. Karatu ina bahati: majani ya mbaazi, mabingobingo, majani ya viazi vitamu na nyasi za kando ya mashamba vinapatikana. Majani mabichi yakatwe, yaanikwe yanyauke kidogo, ndipo yapewe.

Nyasi hizo hizo ndizo zinazolinda meno. Sungura ana meno 28, na yote hukua maisha yake yote. Yale ya mbele hurefuka milimita 2 hivi kila wiki. Asipotafuna vitu vigumu, meno hupishana, hupinda na kuchoma ulimi au shavu. Udenda ukilowesha kidevu, au sungura akikimbilia chakula kisha akakiacha, mfungue mdomo umwangalie.

Wapo wanaoamini kuwa sungura hahitaji maji akila majani mabichi. Imani hiyo inaua. Mama anayenyonyesha anahitaji maji mengi, na sungura aliyekosa maji huacha kula, tumbo likasimama. Kule Mang'ola, kwenye joto la bonde la Ziwa Eyasi, hatari ni kubwa zaidi. Sungura hawezi kutoa jasho la kumpoza, hutegemea masikio yake kupunguza joto, na joto likivuka nyuzi 30 huanza kutaabika.

Sumu zilizo karibu na shamba

Mang'ola ni nchi ya vitunguu, na baada ya mavuno majani yake hujaa tele. Usimpe sungura. Vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu. Majani ya parachichi nayo ni sumu kwake. Huumiza moyo na hukausha maziwa ya mama. Majani ya viazi mviringo na ya nyanya yabaki shambani.

Angalia pia pumba iliyoota ukungu. Sungura ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi zaidi na sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa mahindi na karanga. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mahindi yasiyomfaa binadamu hayamfai sungura.

Koksidia, muuaji wa watoto

Ukichinja sungura ukakuta ini lina madoa meupe au ya njano yaliyotapakaa, huenda umekutana na koksidia. Ni vimelea vidogo visivyoonekana kwa macho. Aina moja hushambulia ini, nyingine hushambulia utumbo. Wanaoathirika zaidi ni watoto waliotoka kuachishwa kunyonya: tumbo huvimba, mgongo huonekana mfupa, huharisha, na hufa mmoja baada ya mwingine.

Mayai ya vimelea hivi yakitoka na kinyesi hayana nguvu ya kuambukiza papo hapo. Yanahitaji unyevu, hewa na muda, kwa kawaida siku mbili au zaidi, ndipo yakomae. Kwa hiyo anayefagia banda kila siku anakata mzunguko wa ugonjwa kabla haujakamilika. Sakafu ya waya au ya fito zilizoachana kidogo, inayoruhusu kinyesi kuanguka chini, ndiyo kinga kubwa kuliko zote. Chakula kiwekwe kwenye kihori, kisitupwe sakafuni. Dawa za salfa husaidia zikitolewa mapema kwa maelekezo ya afisa mifugo, lakini banda likibaki bichi ugonjwa utarudi.

Sakafu ya waya ina gharama yake. Sungura hana nyayo laini zenye ngozi tupu kama za mbwa. Ana manyoya tu chini ya mguu. Waya mwembamba au wenye kutu humtoa vidonda visiginoni, na vidonda hivyo huingia usaha hadi mfupani. Muwekee ubao mkavu wa kupumzikia, na uubadilishe ukilowa.

Masikio, pua na baridi

Sungura akitikisa kichwa na kujikuna masikio, chungulia ndani. Ukiona magamba mazito ya kahawia, huo ni upele wa masikio, unaoletwa na utitiri. Usiyabandue magamba, kwani chini yake ni kidonda kibichi na maumivu ni makali. Sindano ya ivamektini inayochomwa na mtaalamu, kisha kurudiwa baada ya wiki mbili hivi, humaliza tatizo, na magamba huanguka yenyewe. Upele wa aina nyingine huanzia puani na kwenye vidole vya miguu. Huo unaweza kumwasha hata mfugaji, kwa hiyo nawa mikono. Kamwe usimpake sungura dawa ya viroboto ya mbwa yenye fiproni. Inaweza kumuua.

Mafua nayo ni shida kubwa ya nyanda za juu. Bakteria wanaoitwa pasturela hukaa puani kwa sungura wengi bila kelele. Upepo wa baridi, msongamano na harufu kali ya mkojo vikimwelemea, hupiga chafya, pua hutoa makamasi mazito, na manyoya ya miguu ya mbele hugandamana kwa sababu anajifutia nayo. Maambukizi yakifika sikio la ndani, shingo hupinda. Banda linahitaji hewa, lakini upande unaopigwa na upepo uzibwe. Mgonjwa atengwe.

Watoto ndio wanaoonewa zaidi na baridi. Mama hubeba mimba siku 31 hivi, na karibu na kuzaa hujing'oa manyoya kutengeneza kiota. Mpe kisanduku chenye nyasi kavu kabla ya siku hiyo. Hunyonyesha kwa kawaida mara moja tu kwa siku, dakika chache. Usidhani amewatelekeza: watoto wenye tumbo lililojaa na mwili wa joto wamenyonya.

Dawa inayoua

Duka la dawa za mifugo liko karibu, na mkono wa mfugaji hukimbilia antibayotiki. Hapa ndipo umakini unahitajika. Amoksisilini, ampisilini na penisilini zikitolewa kwa mdomo huua bakteria wazuri wa tumboni, na sungura hufa kwa kuharisha siku chache baadaye. Linkomaisini na klindamaisini ni hatari vivyo hivyo. Vidonge vilivyobaki nyumbani visiwe dawa ya sungura.

Ugonjwa unaovuka uzio

Mwaka 1984, mjini Wuxi nchini China, sungura walianza kufa ghafla, wengine wakitoka damu puani. Kirusi kilichosababisha hushambulia ini na hakina tiba. Mwaka 2010 aina yake mpya ilijitokeza Ufaransa, na hiyo huua hata watoto wachanga na baadhi ya sungura wa porini. Imefika Afrika: Nigeria iliripoti mwaka 2020, na Afrika Kusini mwaka 2022, ambako sungura wa porini walikufa. Kirusi hiki hakimwambukizi binadamu, lakini husafiri kwa viatu, vizimba, majani na nzi.

Ngorongoro inajua maana ya ugonjwa kutoka kwa mifugo. Mwaka 1994 distempa ya mbwa iliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti. Inajua pia faida ya kinga: ng'ombe walipochanjwa dhidi ya sotoka, ugonjwa uliwatoka nyumbu, na idadi yao ikapanda kutoka 250,000 hivi mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi zaidi ya 1,000,000 kufikia mwisho wa miaka ya 1970. Afya ya mnyama wa bandani na ya mnyama wa porini haitenganishwi na uzio.

Kwa hiyo, ndugu mfugaji, sungura mpya akae peke yake wiki mbili au tatu kabla ya kuchanganywa na wengine. Mzoga usimtupie mbwa wala usiutupe korongoni. Uzike kwa kina au uuchome. Wakifa wengi kwa ghafla, mwite afisa mifugo wa kata mara moja ili sampuli zipelekwe kwa Wakala wa Maabara ya Veterinari, wenye kituo Arusha. Na kila asubuhi, kabla ya kumwaga chakula, mtazame sungura wako: amekula, amekunya, pua ni kavu? Maswali hayo matatu yataokoa sungura wengi kuliko sindano yoyote.