Nani Atamshusha?

Moto ukizuka ghorofani, tunaambiwa tusiguse lifti. Umeme unaweza kukatika, shimo lake likajaa moshi, au mlango ukafunguka palepale panapoungua. Agizo ni sahihi. Ila kwa anayetumia kiti cha magurudumu, njia aliyopandia imefungwa na nyingine hana.

Septemba 11, 2001, siku ya mashambulizi ya kigaidi, John Abruzzo, aliyepooza mikono na miguu, alikuwa ghorofa ya 69 ya Mnara wa Kaskazini wa World Trade Center, New York. Baada ya bomu la 1993 katika jengo hilohilo, vilinunuliwa viti vyepesi vya kushushia watu ngazini. Wenzake 10 wakamshusha kwa kupokezana, kwa dakika 90 hivi. Walitoka muda mfupi kabla mnara haujaporomoka.

Ed Beyea, naye amepooza, alikuwa ghorofa ya 27 ya mnara huohuo. Rafiki yake Abe Zelmanowitz alikataa kumwacha. Walisubiri waokoaji, na wote wawili wakafa. Aliyekuwa juu zaidi ndiye aliyepona, kwa sababu kiti kilikuwepo na watu wa kukibeba walikuwa karibu.

Ndiyo maana mpango unaosema tu “wenye ulemavu watasaidiwa” si mpango. Nani atasaidia? Akiwa likizo, nani badala yake? Kiziwi ataijuaje kengele, kama hakuna taa inayomwekamweka? Majibu anayo mhusika mwenyewe, na aulizwe kabla ya siku ya moto.

Nyumbani ni kugumu zaidi kuliko ofisini, maana usiku wa manane wafanyakazi wenza 10 hawapo. Katika moto wa jengo la makazi la Grenfell, London, Juni 14, 2017, walikufa watu 72. Kati ya wakazi 37 wenye ulemavu, 15 walikufa. Mwaka 2019 tume ya uchunguzi ilipendekeza kila mkazi asiyeweza kujiokoa awe na mpango wake. Mwaka 2022 serikali ilikataa, ikitaja pia gharama. Kwangu, sababu hiyo haikustahili kuandikwa mbele ya wafiwa.

Kanuni zilipatikana 2025, zikianza kutumika Aprili 2026. Kwa ridhaa ya mkazi, namba ya nyumba yake, ghorofa na kiasi cha msaada anaouhitaji hupelekwa zimamoto na kuwekwa katika kisanduku salama jengoni, ili wazimamoto wajue waanzie mlango upi.