Kompyuta ya kuunga inapozimika na mzigo uko bandarini

Na Mwandishi Wetu, Bujumbura

UKIKAA asubuhi karibu na lango la Bandari ya Bujumbura, utaona biashara ya Ziwa Tanganyika ikipita mbele ya macho yako. Kuna mzigo uliotoka Dar es Salaam kwa reli hadi Kigoma, kisha ukavuka kwa meli. Kuna uliopanda kutoka Mpulungu, Zambia. Wapo pia wafanyabiashara wanaosubiri kuvusha bidhaa kwenda Uvira na Kalemie, upande wa Kongo.

Wote hao, mwenye makontena na mwenye magunia kumi, wanakutana na kitu kimoja: karatasi. Ankara, orodha ya vifurushi, cheti cha asili ya bidhaa, tamko la forodha. Na karatasi hizo siku hizi zinaanzia kwenye kompyuta. Mamlaka ya Mapato ya Burundi (OBR), iliyoanzishwa mwaka 2009, inapokea matamko kupitia mfumo wa SYDONIA, ambao wafanyabiashara wa Tanzania waliwahi kuufahamu kwa jina la ASYCUDA. Kompyuta ikizima katikati ya kazi, mzigo unakaa. Mzigo ukikaa, gharama za ghala zinapanda.

Makala haya yanatokana na kompyuta moja ambayo mimi mwenyewe nilishiriki kuiunga. Ni ya shemeji yangu, aliyerudi nyumbani mwaka 2018 akitokea kambini mkoani Kigoma, katika urejeaji wa hiari ulioanza Septemba 2017. Alirudi na akiba kidogo na ujuzi wa kuchapa. Akafungua kibanda cha uchapaji si mbali na bandari, akiwaandikia wafanyabiashara ankara na orodha za mizigo.

Kompyuta tulimuungia kwa vipuri vilivyonunuliwa Kariakoo: bodi kuu, prosesa, pawa saplai, diski na kipande kimoja cha RAM cha GB 8. Ilifanya kazi vizuri. Kazi zilipoongezeka, akanunua Bujumbura kipande cha pili cha GB 8, na fundi akamfungia. Siku chache baadaye mashine ikaanza vituko.

Mara inaganda, mara inajizima na kujiwasha yenyewe. Skrini ya bluu ikawa mgeni wa kila siku. Siku moja faili la ankara ya mteja likagoma kabisa kufunguka, na mteja mwenyewe amesimama mlangoni, mzigo wake uko ndani ya bandari. Fundi alipakia Windows upya mara mbili bila mafanikio. Mara ya tatu akasema bodi kuu imekufa, inunuliwe nyingine. Bei aliyotajiwa ilikuwa karibu mapato ya miezi miwili. Ndipo aliponipigia simu.

Meza ya karani

Kwa wale wasiofahamu, diski ya kompyuta ni kama ghala na RAM ni kama meza ya karani. Ghala linatunza vitu hata usiku umeme ukiwa umekatika. Meza inabeba kile tu kinachofanyiwa kazi wakati huo, na ukizima mashine inabaki tupu. Kila unachoandika hupita kwanza mezani kabla ya kwenda ghalani.

Hapo ndipo hatari ilipo. Kompyuta inaandika namba kwa sifuri na moja, kila moja ikiitwa biti. Biti moja tu ikigeuka kwenye RAM yenye hitilafu, magunia 40 yanaweza kusomeka 104. Mashine haitapiga kelele. Itahifadhi hiyo 104 kama vile wewe ndiye uliyeiandika, na afisa wa forodha atakuuliza wewe, hataiuliza kompyuta. Kwa hiyo kujizima si ubaya mkubwa kuliko wote. Mashine inayojizima walau inakuonya.

Dalili zinavyosomwa

Si kila kuzimika ni RAM. Kama ni programu moja tu inayofunga kila mara, shuku programu hiyo. Kama mashine inazima unapoipa kazi nzito au umeme unapoyumba, shuku pawa saplai na joto. Kama inakwenda polepole tu bila kuzima, huenda RAM ni nzima ila ni ndogo. Na kama umeongeza RAM lakini Windows inaonyesha GB 3 na ushee, huenda umepakia Windows ya biti 32, ambayo kwa kawaida haivuki GB 4.

RAM yenye tatizo hujulikana kwa kubadilika-badilika. Leo inafunga Excel, kesho inafunga intaneti, keshokutwa Windows yenyewe inashindwa kupakiwa na kila ukijaribu inatoa kosa jipya. Kwenye skrini ya bluu (ambayo Windows 11 iliibadilisha kuwa nyeusi mwaka 2025) huandikwa maneno kama MEMORY_MANAGEMENT au PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA. Yaandike. Hayatoshi kuwa ushahidi, lakini yanaelekeza njia.

Kwanza okoa kazi

Kabla ya kushika bisibisi, okoa mafaili. Watu wengi hukosea hapa: hunakili kila kitu kwenye flashi kwa kutumia mashine ile ile mgonjwa. Faili linapita kwenye RAM mbovu na linaweza kuharibika njiani. Njia salama ni kuchomoa diski, kuifunga kwenye kompyuta nzima, na kunakili hapo.

Pili, chukua daftari. Kanuni ya kazi hii ni moja: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja na uandike kilichotokea. Fundi anayebadilisha RAM, akapakia Windows na kugeuza mipangilio yote kwa siku moja, hata mashine ikipona hatajua kilichoiponya.

Tatu, ingia kwenye mipangilio ya BIOS na uirudishe ya kiwandani. Bodi nyingi zina kitu kinachoitwa XMP, kinachoifanya RAM iende kwa kasi ya juu kuliko ile ya kawaida. Mafundi hupenda kukiwasha ili mteja afurahi. Kizime kwanza.

Nne, zima mashine, chomoa waya wa umeme, gusa chuma cha boksi ili kuondoa umeme tuli mwilini, kisha toa vipande vya RAM. Mji huu uko kando ya ziwa. Joto, vumbi na unyevu vinafanya kazi yao. Sugua taratibu meno ya dhahabu ya RAM kwa kifutio safi cha penseli, pangusa mabaki, puliza vumbi kwenye nafasi zake, kisha rudisha kwa kusukuma hadi vibano vilie. Tatizo la wengi huishia hapa.

Kupima kipande kimoja kimoja

Kama halijaisha, ni wakati wa kupima. Windows ina kipimo chake. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mdsched, na mashine itajiwasha upya na kuanza kupima. Kipimo hicho ni cha haraka, lakini huweza kupitwa na makosa.

Kilicho makini zaidi ni Memtest86+, programu ya bure inayowekwa kwenye flashi na kuanza kabla ya Windows. Iache ifanye angalau mizunguko minne, ikibidi usiku kucha. Katika RAM hakuna kosa dogo. Kosa moja likitokea, kipimo kimefeli.

Pima kipande kimoja peke yake katika nafasi moja, kisha kipande cha pili katika nafasi hiyo hiyo. Kikifeli kimoja na kupita kingine, kibovu umekijua. Vyote vikipita, hamia nafasi nyingine. Kipande kilichopita hapa kikifeli pale, mashaka yanahamia kwenye nafasi ile au bodi kuu. Vyote vikifeli kila mahali, usitupe RAM, angalia umeme. Kwa kutumia mita, waya wa njano wa pawa saplai unatakiwa uwe kati ya volti 11.4 na 12.6, na mwekundu kati ya 4.75 na 5.25. Kama hujawahi kupima umeme, mwachie fundi, na usifungue pawa saplai yenyewe.

Angalia pia saa. Mashine inayopita kipimo alfajiri na kufeli saa nane mchana inakuambia habari za joto. Safisha feni kabla ya kununua chochote.

Kilichogunduliwa

Kwa shemeji tulianza jioni. Umeme ulikatika usiku wa kwanza na kipimo kikakatika nao, ikabidi tuanze upya. Kipande cha Kariakoo kikapita nafasi zote mbili bila kosa. Kipande cha Bujumbura nacho kikapita kote bila kosa. Shemeji akakata tamaa, akidhani fundi alikuwa sahihi kuhusu bodi.

Tukavirudisha vyote viwili pamoja kama vilivyokuwa, na XMP ikiwa imewashwa kwa kasi ya 3200. Haikupita nusu saa, makosa mekundu yakajaa kwenye skrini. Tukazima XMP na kushusha kasi hadi 2666, vipande vyote viwili vikiwa ndani. Asubuhi tulikuta mizunguko minne imekamilika, makosa sifuri.

Hakuna kilichokuwa kimekufa. Bodi ilikuwa nzima, na vipande vyote viwili vilikuwa vizima. Vilitoka kwa watengenezaji tofauti, kila kimoja na mwendo wake, na vilipolazimishwa kwenda pamoja kwa kasi ile vikashindwa. Tofauti ya kasi hiyo, kwa mtu anayechapa ankara, haionekani hata kwa macho.

Tulipakia Windows kwa mara ya tatu, maana zile mbili za mwanzo zilipakiwa wakati RAM inakosea na mafaili yake hayakuwa ya kuaminika. Ankara iliyogoma ilichapwa upya kutoka kwenye nakala ya karatasi ya mteja. Fedha za bodi mpya hazikutoka mfukoni.

Ukinunua RAM mpakani

Kwa anayevuka mpaka kununua vipuri, yapo mambo ya kuangalia kabla ya kutoa fedha.

Kwanza, kizazi. DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani. Pengo la kila moja liko mahali pake, na volti ni tofauti, 1.5 kwa DDR3, 1.2 kwa DDR4 na 1.1 kwa DDR5. Ikikataa kuingia, usiilazimishe.

Pili, jihadhari na RAM za seva. Zinauzwa rahisi, zina GB nyingi, na zile za DDR3 na DDR4 zinaingia kwenye nafasi bila shida, lakini bodi za kawaida hazitawaka nazo. Soma lebo. Ukiona PC4-2400T-R, ile R inamaanisha ya seva. Ya kompyuta ya mezani huwa na U mahali hapo.

Tatu, ukiweza nunua vipande viwili vilivyofungwa pamoja kiwandani. Kama bodi ina nafasi nne, kwa kawaida vipande viwili huwekwa ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Kitabu cha bodi kitathibitisha.

Nne, usiongeze RAM na kuanza kazi ya mteja siku hiyo hiyo. Pima usiku mmoja kwanza. Shemeji alipoteza wiki kadhaa kwa kuruka usiku huo mmoja.

La mwisho linawahusu zaidi wasafiri. Duka la Kariakoo liko mbali na Bujumbura, na risiti hairudishi kipuri chenye hitilafu ukiwa umeshavuka Manyovu au Kobero. Weka Memtest86+ kwenye flashi ndogo na utembee nayo mfukoni. Mwombe muuzaji aifunge RAM kwenye kompyuta yake ya dukani na uiache izunguke mara moja huku ukinywa chai. Mzunguko mmoja hautoshi kuithibitisha, lakini RAM iliyooza kabisa mara nyingi hujionyesha mapema, na muuzaji akikataa kabisa kuipima, nenda duka la pili.

Kibandani kwa shemeji, lile daftari bado linaning'inia kwa uzi kando ya kompyuta. Kila kipuri kinachoingia kinaandikwa tarehe, mahali kilikonunuliwa na matokeo ya kipimo. Kabla ya kuchapa ankara, bado huwasomea wateja hesabu kwa sauti na kuzilinganisha na karatasi zao, gunia kwa gunia.