Fahamu: Justinian Tamusuza, mtunzi aliyeipeleka midundo ya Buganda kwenye violini

Mganda Justinian Tamusuza, aliyezaliwa mwaka 1951, hutunga muziki wa ala. Alipata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, na kufundisha Makerere. Mwaka 1992 kundi la Kronos Quartet la San Francisco liliweka sehemu ya kwanza ya kazi yake, Mu Kkubo Ery'Omusaalaba, yaani Katika Njia ya Msalaba, kwenye albamu ya Pieces of Africa. Dunia ikamsikia.

Ala za kazi hiyo ni violini mbili, viola na selo, ila zinapokezana kama wapigaji wa amadinda, marimba ya Kiganda: mmoja akigonga, mwenzake anajaza pengo, mpaka unasikia wimbo ambao hakuna aliyeupiga peke yake. Binafsi, naona huo ndio ufundi wenyewe.