Ukungu Kiooni: Ukarabati wa Hita katika Magari ya Zamani



Kila msimu wa mvua unapoingia, kati ya Machi na Mei na tena kuanzia Septemba, askari wetu wa usalama barabarani hushuhudia jambo moja likijirudia asubuhi baada ya asubuhi: gari la miaka mingi linapanda kilima, na dereva wake anafuta kioo cha mbele kwa kiganja. Mkono mmoja umeshika usukani, wa pili umeshika leso, na macho yanachungulia kupitia kijitundu kisichozidi upana wa sahani. Tunapomsimamisha na kumuuliza kwa nini hawashi hita, jibu huwa lile lile: "Afande, hita ilikatwa zamani. Hapa si Ulaya."

Jibu hilo ndilo lililotusukuma kuandika makala haya. Hita ya gari haikuwekwa kwa ajili ya kuota joto tu. Ni kifaa cha usalama, na dereva asiyeuona msalaba wa waenda kwa miguu hawezi kusimama mbele yake.

Kwa nini kioo hushika ukungu

Kigali ipo zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na anayetoka hapa kuelekea Musanze kupitia Shyorongi hupanda kwenye baridi zaidi. Mvua hupoza kioo kwa nje. Ndani, pumzi za abiria na nguo zilizolowa hujaza hewa unyevu. Unyevu huo ukigusa kioo baridi hugeuka matone madogo mno, nayo ndiyo ukungu. Kuufuta kwa mkono hakusaidii, kwa kuwa hurudi baada ya muda mfupi na kuacha michirizi inayotawanya mwanga wa taa za magari yanayokuja. Dawa yake ni hewa yenye joto inayopulizwa kiooni: hukausha matone na kupasha kioo chenyewe, hata unyevu usipate pa kushika.

Katika magari mengi, joto hilo hutoka kwenye maji yanayopoza injini, ambayo hufikia nyuzi 80 hadi 90 za Selsiasi. Sehemu ya maji hayo hupita katika rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Feni husukuma hewa kupitia rejeta hiyo, na vifuniko vidogo vinavyovutwa kwa waya huielekeza miguuni au kiooni.

Rejeta ndogo ikianza kuvuja, baadhi ya mafundi huunganisha mabomba yake mawili ya mpira na kuiacha kando, kwani kuifikia hudai kufungua dashibodi na pengine kupoteza siku nzima. Gari hutembea, mwenye gari hufurahi, na miaka hupita. Usipoziba ufa, utajenga ukuta: gharama iliyokwepwa gereji huja kulipwa barabarani.

Dalili za hita mbovu

Mwenye gari ajihadhari aonapo zulia la upande wa abiria limelowa, aonapo utando wenye mafuta ndani ya kioo, anusapo harufu tamutamu hita inapowashwa, au maji ya rejeta yanapopungua bila alama ya kuvuja chini ya gari.

Namna ya kuikarabati

Kwanza, injini ipoe kabisa, ikiwezekana usiku kucha. Kwa kimo cha Kigali, maji yaliyo wazi huchemka karibu na nyuzi 95, si 100 kama pwani. Ni mfuniko wa rejeta unaoyabana yasichemke. Ukifunguliwa yangali moto, huruka usoni. Betri nayo itenganishwe. Maji yenye dawa ya kupozea yakingwe katika chombo chenye kifuniko. Dawa nyingi za aina hiyo zina ladha tamu lakini ni sumu kali kwa watoto na wanyama, hivyo zisimwagwe mtaroni.

Pili, kila waya na bomba liwekewe alama au lipigwe picha kabla ya kutolewa. Bomba la mpira lililoganda lipasuliwe kwa urefu badala ya kuvutwa kwa nguvu, maana shingo ya rejeta ya shaba huchanika kwa urahisi.

Tatu, sanduku la hita lifunguliwe na kusafishwa. Mara nyingi hukutwa majani, vumbi na hata viota vya panya. Rejeta ndogo isukumiwe maji ya shinikizo dogo kutoka pande zote mbili, kisha izamishwe ndooni na kujazwa hewa kidogo. Mapovu yataonyesha tundu lilipo. Rejeta ya shaba huweza kuzibwa na fundi stadi. Iliyooza pande nyingi ibadilishwe. Sponji zinazoziba kingo za vifuniko nazo zibadilishwe, la sivyo hewa itapotea kabla ya kufika kiooni.

Nne, mota ya feni izungushwe kwa mkono. Ikiwa nzito, isafishwe au ibadilishwe. Katu fyuzi isibadilishwe kwa kipande cha waya, kwani mota iliyokwama hupasha nyaya moto hadi zikawaka.

Tano, yafungwe mabomba mapya na klipu mpya, maji yajazwe, na hewa iliyonaswa itolewe huku hita ikiwa imefunguliwa. Kazi imekamilika pale kioo chote kinapokauka, si kipande cha mbele ya dereva pekee.

Tahadhari kuhusu Volkswagen za zamani

Zipo Volkswagen za zamani, zile za mviringo na basi zake ndogo, ambazo injini yake ipo nyuma na hupozwa kwa hewa. Hazina rejeta ya maji. Joto lake hutoka kwenye vyombo vya bati vinavyozunguka mabomba ya moshi. Bomba la moshi likitoboka kwa kutu ndani ya chombo hicho, moshi huingia ndani ya gari pamoja na hewa ya joto. Moshi huo una gesi ya monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, na huua.

Kichwa kikianza kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu au usingizi usio wa kawaida ukiwashika abiria, simamisheni gari, zimeni injini, tokeni nje, na pigeni simu 112 kwa polisi au 912 kwa gari la wagonjwa. Mwenye gari la aina hii asiiwashe hita kabla fundi hajakagua vyombo hivyo.

Vipuri na ukaguzi

Vipuri vya magari ya zamani ni adimu, na uadimu huo huwavutia wezi. Anayenunua Gatsata au kwingineko adai risiti ya EBM. Bei isiyo na maelezo huficha machozi ya jirani, na anayenunua mali ya wizi humlipa mwizi arudi tena kesho.

Tangu 2019, kampeni ya Gerayo Amahoro imetukumbusha kwamba kufika salama ni jukumu la kila mmoja wetu. Twawasihi wenye magari ya zamani wasingoje siku ya kwenda Kituo cha Ukaguzi cha Remera ndipo wakumbuke hita. Magari hayo ni urithi wa familia, na tunafurahi kuyaona barabarani. Tunachoomba ni kwamba anayeyaendesha naye atuone sisi, na amwone mtoto anayevuka kwenda shule.